Baruti, Pembe na Ruga-ruga: Kilichoiangusha Dola ya Mirambo

Desemba 1884 ilikuwa na misiba miwili mikubwa katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Tabora na majirani zake. Tarehe 2 alifariki Mirambo, mtemi wa Urambo, akiwa bado kwenye msimu wa vita. Mwezi huohuo, upande wa kusini, akafariki Nyungu ya Mawe, aliyekuwa ameishika Ukimbu yote mkononi. Wote wawili walianza na watu wachache, wakainuka kwa nguvu za vijana wa vita walioitwa ruga-ruga, na wakaishi kwa biashara ileile ya pembe za ndovu iliyopita Tabora kwenda Bagamoyo. Lakini tazama kilichofuata. Nyungu alirithiwa na binti yake Mgalula, na dola ikasimama karibu miaka kumi, mpaka Wajerumani walipokuja kuivunja. Dola ya Mirambo, ambayo jina lake lilikuwa likitajwa mpaka Ulaya, ilianza kumeguka kabla matanga hayajaanuliwa. Mwaka 1890 ndugu yake Mpandashalo, aliyemrithi, naye aliuawa vitani, na Urambo ikabaki utemi mmoja kati ya mingi.

Mimi ni mtu wa Urambo. Kwetu jina la Mirambo halikwepeki. Limo katika jina la wilaya yetu, ni jina la kambi ya jeshi pale Tabora mjini, na ni jina la Shule ya Sekondari Milambo, yenye l mahali pa r kwa sababu ndimi za Kinyamwezi huzipokezana herufi hizo bila ugomvi. Tangu nikiwa mdogo nimelisikia likitamkwa kwa fahari, na mwisho wa habari zake ukitajwa kwa methali moja tu. Siku moja nilimfuata mzee wa mtaa wetu, nikamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," nikamuuliza kwa nini dola kubwa vile haikudumu. Hakufikiri hata kidogo. "Tamaa mbele, mauti nyuma," akasema, akaendelea kupukuchua mahindi yake.

Nimeibeba methali hiyo miaka mingi, na sibishani nayo. Ila naona inafunga mjadala mapema mno. Nyungu naye alikuwa na tamaa, tena isiyo ndogo. Msiri, mtu wa huku kwetu aliyekwenda kujijengea ufalme Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, alikuwa na tamaa. Wafanyabiashara wa Tabora, Sultani wa Unguja, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wote walikuwa nayo. Kama kila aliyekuwa uwanjani alikuwa na tamaa, basi tamaa peke yake haielezi kwa nini huyu alianguka leo na yule akadumu mpaka kesho. Inabidi tuulize tamaa ya Mirambo ilipitia mlango gani, ilikula nini, na ilimdai nini kila mwaka.

Tuanze na utemi wenyewe. Neno mtemi wazee hulitoa kwenye kutema, yaani kukata. Wengine husema ni yule aliyekata msitu akafungua makazi, wengine husema ni yule anayekata mashauri. Unyamwezi ya katikati ya karne ya 19 haikuwa nchi moja. Ilikuwa temi nyingi ndogondogo, kila moja na ikulu yake, ukoo wake wa kitawala, na wazee wake wa kumshauri mtemi na, ikibidi, kumng'oa. (Ndiyo, Ikulu. Neno tunalolitumia leo kwa makazi ya Rais lilitoka huku, kwenye boma la mtemi.) Utemi mmoja mara nyingi ungeweza kuuvuka kwa miguu kwa siku moja au mbili. Mtemi hakuwa na jeshi la kudumu. Alikuwa na heshima, na ibada za mvua na mazao zilizomfunga yeye na ardhi.

Katikati ya temi hizo ilipita njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea karibu miezi mitatu kufika Tabora, kwenye nchi ya Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika, mkono mmoja kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, mwingine magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi wenyewe. Ni kutokana na wanyampara wao, wazee waliosimamia msafara, tunapata neno mnyapara. Na kila msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. Leo neno hilo linanuka rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru halali wa kupita, likilipwa kwa nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba na baruti. Mtemi aliyekaa njiani alitajirika. Mtemi aliyekaa mbali na njia alisikia tu habari zake.

Katika hali hiyo alizaliwa, karibu mwaka 1840, kijana aliyeitwa Mtyela Kasanda, wa ukoo wa watemi wa Uyowa, utemi mdogo magharibi ya Tabora. Mirambo ni jina la vita alilolipata baadaye, na inasemwa maana yake ni maiti. Kijana huyu aliona mambo mawili kwa macho yake. La kwanza ni Wangoni, ambao hapa kwetu waliitwa Watuta, waliokuja kutoka kusini na namna mpya ya kupigana: vijana waliopangwa kwa vikosi, wanaoshambulia kwa kasi, na wanaowachukua mateka na kuwageuza kuwa wenzao. La pili ni Waarabu wa Tabora. Mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alipothubutu kuwatoza ushuru, walimng'oa, wakamweka Mkasiwa mahali pake, na vita vya kumsaka vikaendelea mpaka alipouawa mwaka 1865. Kwa hiyo Mirambo alijua mapema kwamba heshima ya mtemi bila bunduki ni kitu ambacho mfanyabiashara anaweza kukiondoa akipenda.

Akaunganisha Uyowa na Ulyankulu, Ulyankulu hiyohiyo ambayo tangu miaka ya 1970 wengi wanaijua kwa makazi ya wakimbizi wa Burundi. Halafu akaendelea. Chombo alichotumia kilikuwa ruga-ruga, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu naamini fundo lote limefungwa hapa.

Ruga-ruga hakuwa mkulima aliyeitwa vitani kwa msimu kisha akarudi kwenye mtama wake. Alikuwa kijana aliyekatika kutoka kwao: mateka wa vita, mtumwa aliyetoroka, mpagazi aliyeuacha mzigo, yatima wa kijiji kilichochomwa. Walivaa nguo nyekundu, manyoya kichwani, mapambo ya pembe na shaba, na wengi walivuta bangi kabla ya kushambulia. Henry Stanley, mwandishi wa habari na mpelelezi aliyekutana na Mirambo mwaka 1876, aliandika kuwa mtemi huyo alimweleza waziwazi kwamba kwa vita alipendelea vijana wadogo kuliko watu wazima, kwa kuwa macho yao ni makali na viungo vyao ni vyepesi. Mimi nasikia jambo jingine ndani ya maneno hayo. Kijana hana mke, hana shamba, hana mtoto wa kumfikiria. Hana pa kurudi.

Sasa jiulize: mtu wa namna hiyo analipwa nini? Mtemi hakuwa na hazina ya fedha. Ruga-ruga alilipwa kwa nyara, yaani ng'ombe, nguo, mateka, na baadaye mke aliyepewa kwa ushujaa wake. Mshahara wake ulikuwa kijiji kinachofuata. Kijiji kilichotekwa mwaka huu hakiwezi kutekwa tena mwakani, kwa sababu sasa ni chako, kinakuletea kodi. Kodi nayo huja polepole, pembe chache, majembe ya chuma, nafaka, na inaishia kwa mtemi. Wale vijana elfu kadhaa wanaokaa kuzunguka boma bado wanataka kula, kuvaa na kutajirika. Kwa hiyo wapelekwe mbele zaidi, kwenye nchi ambayo bado haijatekwa. Mwaka unaofuata, mbele zaidi tena. Kila hatua inaongeza safari, inaongeza baruti, inaongeza maadui, na inaongeza ruga-ruga wenyewe, maana mateka wa leo ndio askari wa kesho.

Ndiyo maana nasema tamaa haikuwa moyoni mwa Mirambo tu. Ilikuwa katika muundo wa jeshi. Hata kama angeamka asubuhi moja ameshiba kabisa, asiyetaka hata kilima kimoja zaidi, jeshi lake lisingeshiba pamoja naye.

Tatizo la pili lilikuwa baruti. Magobole ya wakati ule yalijazwa kwa mdomo, na bila baruti ni rungu tu. Baruti haikutengenezwa Unyamwezi. Ilitoka ng'ambo, ikashushwa Unguja na pwani, ikapanda na misafara, na mlango wake wa kuingilia bara ulikuwa Tabora, mikononi mwa watu walewale ambao Mirambo alikuwa akiwatishia. Hebu lifikirie jambo hilo. Kila risasi aliyowapiga nayo wafanyabiashara ilikuwa imenunuliwa, kwa njia moja au nyingine, kutoka kwa wafanyabiashara.

Mwaka 1871 mambo yalifika kooni. Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo akielekea kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, alisimulia kuwa Mirambo aliuzuia msafara uliokuwa ukienda Ujiji, akadai mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, na alipokwisha kuvipokea akatangaza kwamba hakuna msafara wa Waarabu utakaopita tena nchini mwake. Tazama kilichotangulia katika orodha hiyo. Alichokitaka kwanza ni baruti.

Mwezi wa Agosti Waarabu wa Tabora, pamoja na watu wa Mkasiwa na kikosi cha Stanley mwenyewe, walimwendea. Waliiteka Ulyankulu, wakabeba pembe na nyara, wakaanza safari ya kurudi wakiwa wamelemewa na mali. Mirambo, aliyekuwa amejiondoa mapema, aliwavizia kwenye majani marefu njiani akawamaliza. Kiongozi wao kijana, Saud bin Said, akafa pale. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu wa mji, na kuchoma sehemu ya mji. Stanley alikuwa kwenye tembe la Kwihara akiutazama moshi. Tembe hilo bado linatembelewa, ni mwendo mfupi kutoka mjini. Njia ya moja kwa moja ya Ujiji ikafungwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini kwa wiki nyingi kabla ya kukutana na Livingstone mwezi Novemba.

Huo ndio ushindi ambao tunaukumbuka, na hauna shaka. Lakini vita vilivyoanza mwaka huo viliendelea karibu miaka mitano. Sultani Barghash alituma askari kutoka pwani, nao hawakumshinda, wala Mirambo hakuweza kuushika mji wa Tabora. Pembe zilikwama. Baruti ikawa ngumu kupatikana. Temi za kandokando ziliangamia katikati ya pande mbili, na hilo vitabu vyetu vya shule huwa vinalipita haraka, kwa kuwa tunapenda kumwona Mirambo kama shujaa aliyewazuia wageni tu. Alikuwa hivyo. Pia alikuwa mtu ambaye vijiji vya Wanyamwezi wenzake viliteketea mbele yake. Sioni sababu ya kuficha upande mmoja ili kuupamba mwingine.

Stanley alimfananisha na Napoleon Bonaparte, na watu hulitaja jambo hilo kama sifa. Mimi naliona kama onyo ambalo huenda Stanley mwenyewe hakulikusudia. Mwaka 1806 Napoleon aliamuru nchi za Ulaya zisifanye biashara na Uingereza, kwa kuwa hakuweza kuifikia kwa majeshi. Amri hiyo ikamlazimu kulinda kila bandari, na Urusi ilipoivunja akaona hana budi kuifuata huko. Juni 1812 alivuka mto Niemen na zaidi ya askari laki nne, na waliorudi walikuwa masalia. Tofauti ni kwamba Napoleon ndiye aliyejaribu kuwafungia wengine biashara, na Mirambo, baada ya kuifunga njia ya Ujiji, ndiye aliyejikuta amefungiwa. Mahali wanapofanana ni hapa: kila mmoja alitaka kuishika biashara kwa jeshi, na biashara ikamvuta kwenda mbali kuliko jeshi lake lilivyoweza kufika.

Kuna jambo lilikuwa likibadilika chini kwa chini katika miaka hiyo. Ndovu walikuwa wakipungua Unyamwezi. Wafanyabiashara wakubwa, Tippu Tip akiwa mbele yao, walikuwa wamekwisha kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema na msitu wa Kongo, ambako pembe zilikuwa bado tele. Maana yake ni kwamba utajiri wa nchi ya Mirambo haukuwa tena hasa katika ndovu wake. Ulikuwa katika kule kuwa njia ya pembe za wengine. Na njia hulipa ikiwa salama. Msafara ukisikia vita huzunguka, hungoja au haujengwi kabisa, na hongo hailipwi na msafara ambao haukupita.

Mirambo alilielewa hilo, na hapa ndipo namheshimu zaidi kuliko siku ile ya Agosti 1871. Baada ya amani ya katikati ya miaka ya 1870 tunamwona mtu mwingine. Aprili 1876 alichanjana damu na Stanley, wakawa ndugu. Mwaka 1879 alimpokea Ebenezer Southon, daktari mmisionari Mwingereza, akamruhusu kukaa karibu na ikulu yake. Alimtumia kuandikiana barua na balozi wa Uingereza huko Unguja, John Kirk. Alitafuta urafiki na Mutesa, mfalme wa Buganda, na baadaye akapatana na Tippu Tip. Nia yake inasomeka vizuri: kupata mlango wa pwani usiopitia kwa Waarabu wa Tabora. Angempata Mwingereza wa kumuuzia bunduki na kumtambua, Unyanyembe ingebaki kijiji kando ya barabara.

Wakati huohuo aliishika Uvinza. Wanaopanda treni kwenda Kigoma wanaijua Uvinza: chumvi. Chemchemi zake za maji ya chumvi, karibu na mto Malagarasi, zilikuwa zikichemshwa na watu wa pande zote muda mrefu kabla ya misafara, na chumvi yake ilisafiri Burundi, Buha, Unyamwezi mpaka ng'ambo ya ziwa. Aliyeitawala Uvinza alikuwa na chumvi na vivuko vya Malagarasi kwa pamoja, na hakuna msafara wa Ujiji ulioweza kumkwepa. Wazee wa Ujiji, ambao walishaonja uvamizi wa Watuta mwaka 1858, sasa walikuwa na Mirambo mlangoni.

Kwa ramani, huo ulikuwa upeo wake. Na kwa maoni yangu hapo ndipo sehemu mbili za dola yake zilipoanza kuraruana. Njia ilimtaka awe mtu wa amani, mkusanya ushuru anayeaminika. Ruga-ruga walimtaka aendelee kuwa Mirambo. Hakuweza kuwa wote wawili.

Mwaka 1880 jambo hilo likadhihirika mahali asipopatarajia. Alikuwa amepeleka vita kusini, Mpimbwe, mbali sana na Urambo, akishirikiana na mtawala aliyeitwa Simba. Ndani ya kijiji kilichoshambuliwa walikuwemo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakifanya kazi kwa mpango wa Mfalme Leopold wa kuleta tembo wa India kubebea mizigo. Wote wawili wakauawa. Southon alimsaidia Mirambo kujieleza kwa barua, lakini maelezo hayakufua dafu. Kirk, aliyekuwa ameanza kumtazama kama mtu wa kufanya naye kazi, akageuka. Mlango wa Waingereza, ule aliokuwa akiugonga kwa miaka minne, ukafungwa.

Watu husimulia kisa hicho kama bahati mbaya. Mimi sikubali. Mpimbwe haikuwa na haja yoyote kwa usalama wa Urambo. Ilikuwa nchi mpya ya nyara, katika vita vya kushirikiana na mtu wa mbali, vilivyopiganwa na vijana waliozoea kupiga kwanza. Jeshi linalotumwa mbali mara nyingi kiasi hicho, siku moja litampiga mtu ambaye bwana wake hakutaka apigwe. Risasi moja ya ruga-ruga asiyejua kusoma ilifuta barua zote ambazo mtemi aliandikiwa na daktari wake. Southon mwenyewe alifariki mwaka 1882 baada ya kujeruhiwa na bunduki kwa ajali, na Mirambo akabaki bila mshauri aliyemwamini upande huo.

Sasa rudi kwa Nyungu, maana bila yeye maelezo haya yanapungua. Nyungu ya Mawe alitoka katika ukoo wa kitawala wa Unyanyembe, wa upande ulioshindwa pamoja na Mnywa Sele. Alikimbilia kusini, akaiteka Ukimbu, nchi ya misitu na watu wachache ambayo leo imegawanyika kati ya Sikonge, Itigi na Chunya. Hakuwa mpole hata kidogo. Lakini alipoteka nchi hakuiacha chini ya watemi wake wa zamani wakimletea kodi kwa hofu. Aliweka juu yao watwale, watu wake mwenyewe, kila mmoja na eneo lake, kazi yao kubwa ikiwa kukusanya pembe na kuzipeleka ikulu yake Kiwele. Watemi wa Kikimbu waliachiwa ibada na matambiko ya ardhi. Mali na silaha zilipita kwa mtwale. Mtwale hakuwa na mizimu ya mahali pale wala ukoo wa kumwunga mkono akitaka kujitenga, kwa hiyo cheo chake chote kilitegemea kuendelea kuwapo kwa dola.

Mirambo alifanya kinyume. Alipomshinda mtemi, kwa kawaida alimweka ndugu wa huyohuyo mtemi aliyekuwa tayari kumtii, akachukua kodi na vijana, akaondoka. Ilikuwa njia ya haraka na rahisi, na kwa mtu anayelazimika kuwa kwenye vita vingine mwezi ujao huenda haikuwepo nyingine. Lakini kila nchi iliyotekwa ilibaki nzima: ukoo wake, wazee wake, ikulu yake, kumbukumbu yake ya kuchomwa moto. Kilichoifunga kwa Urambo ni jambo moja tu, kwamba Mirambo angeweza kurudi.

Na ili hofu hiyo iwe ya kweli, ilimbidi arudi kweli, yeye mwenyewe. Alikuwa akitembea usiku, akitokea alfajiri mahali ambapo hakutarajiwa, na sifa hiyo ilifanya kazi ya watwale wote ambao hakuwaweka. Dola nzima ilisafiri ndani ya mwili mmoja.

Mwili huo ukaanza kuugua koo. Katika miaka yake ya mwisho maradhi ya koo yalimla polepole, na bado alikwenda vitani. Sijui kama kuna picha inayonihuzunisha zaidi katika historia ya kwetu kuliko hiyo: mtu wa miaka arobaini na kitu, anayejua kuwa akikaa nyumbani msimu mmoja kuna mtemi fulani atakayeacha kuleta kodi na wengine watafuata, anaondoka mgonjwa kwenda kupigana na Ukune. Hapo tena si tamaa unayoiona. Tamaa ilikuwa ya kijana wa Uyowa miaka ishirini nyuma. Sasa ni deni. Alikufa kwenye vita hivyo.

Mpandashalo alirithi jina la cheo na boma. Hakurithi ile hofu, maana hofu hairithiwi. Watemi wa mbali wakaacha kuleta kodi, wa karibu wakaanza kuhesabu nguvu zao. Uvinza ikateleza. Kupungua kwa kodi kulimaanisha kupungua kwa baruti, na kupungua kwa baruti kulimaanisha kwamba ruga-ruga wenye akili walianza kuangalia nani mwingine anaweza kuwalisha. Upande wa Tabora, Isike, aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe tangu 1876, akapumua kwa mara ya kwanza. Hakupumua sana. Mwaka 1890 bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora, na Januari 1893 boma lake lilivunjwa na kikosi cha ofisa wa Kijerumani, Tom von Prince. Isike aliilipua ghala yake ya baruti akiwa ndani, akatolewa akiwa hai nusu, akanyongwa. Urambo, ambayo miaka kumi na miwili kabla ingeweza kukusanya jeshi la maelfu ya watu, haikuwa tena na dola ya kusimama pamoja na Wajerumani wala ya kusimama dhidi yao.

Watu huniuliza ruga-ruga walikwenda wapi. Wengine walioa, wakapewa ardhi, na wajukuu wao wanalima tumbaku Urambo na Kaliua leo. Wengine waliendelea na kazi waliyoijua, wakinyang'anya kwa faida yao wenyewe kwenye njia zilezile. Na wengi waliajiriwa. Wajerumani waliokuja waliona haraka kwamba hapa kuna vijana wanaopigana bila kuuliza ni vita vya nani, mradi nyara zipo, wakawachukua kama askari wa kusaidia katika kuwashinda watawala wa nchi hii mmoja baada ya mwingine. Waliwatumia katika Maji Maji. Waliwatumia tena kwa maelfu vita vya 1914 vilipoanza, bado wakiitwa kwa jina lilelile, ruga-ruga. Septemba 1916, Wabelgiji walipoingia Tabora kutoka upande wa Kigoma, walikuwa wamepita kando ya reli ya Wajerumani, katikati ya nchi ya Urambo. Mirambo alikuwa kaburini kwa karibu miaka 32, na jeshi lake, chini ya bendera ya mtu mwingine, lilikuwa bado vitani.